Mrushaji Aliyesahau Kurusha

Ndugu msikilizaji, wapenzi wengi wa kandanda wanaikumbuka, au wamesimuliwa, fainali ya Kombe la Dunia ya Julai 17, 1994, pale Pasadena, Marekani. Brazil na Italia zilimaliza dakika 120 bila bao, ikabidi bingwa apatikane kwa mikwaju ya penalti. Roberto Baggio, ambaye kwa mabao yake matano ndiye aliyeibeba Italia hadi kufika fainali, aliuweka mpira chini, akarudi nyuma, akapiga. Mpira ukapaa juu ya mwamba wa goli, na Brazil ikachukua kombe. Ni kweli kwamba msuli wa paja ulikuwa ukimsumbua. Lakini mtu aliyemwona amesimama pale, kichwa kimeinama, hakuuliza habari za paja.

Sasa nakuomba ufikirie mchezo ambao ndani yake mtu mmoja hupigishwa penalti karibu mara mia kwa siku moja. Yuko peke yake juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, watu 40,000 wanamtazama, na kati ya mkwaju mmoja na mwingine anao muda wa kutosha kabisa wa kufikiri. Mchezo huo upo. Wamarekani wanauita besiboli, na mtu huyo ni mrushaji. Juma hili ningependa tuzungumze juu ya historia ya mchezo huo, lakini si habari za vikombe na mabingwa. Nataka tuzungumze juu ya kichwa cha mchezaji, na juu ya jinsi watu wenye akili timamu walivyochukua miaka 50 kukubali jambo ambalo mtaalamu mmoja alikuwa amekwisha kuwaletea mezani.

Kwetu Afrika Mashariki besiboli haina washabiki wengi, ingawa mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto ya mchezo huo, huko Williamsport, Pennsylvania. Kwa hiyo niruhusu niueleze kwa ufupi. Mrushaji anasimama umbali wa kama mita 18 na nusu kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Kazi ya mrushaji ni kupitisha mpira katika eneo dogo mbele ya mpigaji, kutoka magotini hadi kifuani, tena kwa namna ambayo mpigaji ataukosa au ataupiga vibaya. Akirusha mara nne nje ya eneo hilo na mpigaji asijaribu kuupiga, mpigaji anapewa kituo cha kwanza cha bure, anatembea tu mpaka pale bila kutoka jasho.

Mpira wa kasi huenda kilomita 145 kwa saa na zaidi, na unamfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijakwisha. Ndiyo maana hata mpigaji hodari hushindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu. Anayefaulu mara tatu katika kumi huhesabiwa kuwa bingwa. Ted Williams wa Boston alifaulu mara nne na kitu katika kumi mwaka 1941, na mpaka leo hakuna mtu katika ligi kuu zile mbili aliyeifikia tena alama hiyo kwa msimu mzima. Maana yake ni kwamba mchezaji wa besiboli, hata akiwa bora, anakwenda nyumbani kila jioni akiwa na makosa mfukoni. Asiyejua namna ya kuyatua hawezi kulala.

Hapana shaka makocha wa zamani waliyajua hayo. Lakini dawa yao ilikuwa moja: kaza roho, uwe mwanamume. Mchezaji aliyevunjika mkono alipelekwa kwa daktari. Aliyevunjika moyo aliambiwa aache mchezo awapishe wenzake.

Mwaka 1938 alitokea tajiri mmoja aliyefikiri vingine. Jina lake lilikuwa Philip Wrigley, mwenye kiwanda cha ubani wa kutafuna na mwenye timu ya Chicago Cubs. Alijiuliza swali la kibiashara tu. Kama kiwanda kinaajiri wataalamu wa kuchunguza mashine zake, kwa nini timu isiajiri mtaalamu wa kuchunguza wachezaji wake? Akamwita Coleman Griffith, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Illinois.

Griffith hakuwa mganga wa kubahatisha. Mwaka 1925 chuo chake kilikuwa kimemfungulia maabara ya kuchunguza wanamichezo, na mwaka 1926 alitoa kitabu juu ya saikolojia ya ukocha. Kabla ya hapo, mwaka 1924, alizungumza na Red Grange, nyota wa kandanda ya Kimarekani, ambaye alikuwa ametoka kuisambaratisha timu ya Michigan mbele ya umati mkubwa. Griffith alimwomba amweleze namna alivyozipita ngome zile. La ajabu ni kwamba Grange hakuweza kukumbuka hata hatua moja. Mwili ulikuwa umefanya kazi yake, akili ikawa pembeni.

Naomba tusimame kidogo hapo, maana ndani ya kisa hicho kidogo ndimo ulimo ufunguo wa mazungumzo yetu. Muulize dereva wa daladala mwenye miaka 20 barabarani ni mguu upi unaoanza kusogea anapobadilisha gia. Atacheka, au itambidi aguse hewani kwa miguu kabla ya kukujibu. Mwangalie mama anayepanda mlima na ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Mwambie, "Mama, hebu fikiria shingo yako," na maji yatamwagika. Kazi iliyozoeleka inakaa katika mwili. Akili ikija kuisimamia hatua kwa hatua, inaivuruga, kama bwana mkubwa wa ofisini anayeshuka kiwandani kumfundisha fundi kushika nyundo.

Basi Griffith akaenda Chicago na msaidizi wake, wakiwa na kamera na madaftari. Aliwapima wachezaji, akawapiga picha za filamu, akaandika ripoti juu ya kila mmoja. Alishauri, kwa mfano, kwamba mazoezi yafanane na mchezo wenyewe, watu wasipige mipira kwa mazoea tu kama wanaotwanga.

Lakini meneja wa timu, Charlie Grimm, hakumtaka. Alimwona profesa kama mpelelezi aliyeletwa na tajiri, na wachezaji nao wakatambua upepo unavuma wapi. Katikati ya msimu Grimm aliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na mdakaji wao, Gabby Hartnett. Chini ya Hartnett timu ilichukua ubingwa wa ligi yake, ingawa katika fainali ilifungwa na New York Yankees michezo minne kwa bila. Hata hivyo profesa hakupata nafuu. Hartnett naye hakuwa na haja naye. Kazi yake ikafifia, ripoti zikafungiwa, naye akarudi chuoni. Alifariki dunia mwaka 1966, wakati ambapo watu wachache sana katika besiboli walilikumbuka jina lake. Leo wataalamu wa fani hiyo Marekani wanamwita baba wa saikolojia ya michezo.

Je, kulikuwa na hasara gani kumfukuza profesa? Swali hilo lilijibiwa miaka 35 baadaye, na aliyelipia jibu ni mtu aitwaye Steve Blass.

Blass alikuwa mrushaji wa Pittsburgh Pirates. Mwaka 1971 timu yake ilikutana na Baltimore Orioles katika fainali ya michezo saba. Blass alishinda mchezo wa tatu. Na wa saba, Oktoba 17, ugenini, aliurusha peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, Pirates wakashinda 2 kwa 1. Mwaka uliofuata alikuwa bora zaidi. Alishinda michezo 19.

Mwaka 1973 akaja uwanjani, na mpira haukumtii tena. Niruhusu nikupe hesabu moja tu. Mwaka 1972 Blass alitoa vituo vya bure 84 katika zamu karibu 250 alizorusha. Mwaka 1973 alitoa vilevile 84, lakini safari hii katika zamu zisizofika 89. Mpira ulikwenda juu, ukaenda pembeni, ukawagonga wapigaji. Madaktari waliutazama mkono na bega, hawakuona ugonjwa. Kinachotisha zaidi ni kwamba alipokuwa akirusha mazoezini, pasipo mpigaji wala hesabu, alirusha kama zamani. Mara tu mpigaji aliposimama mbele yake, ujuzi uliyeyuka.

Watu walitafuta sababu. Desemba 31, 1972, rafiki yake na nyota wa timu, Roberto Clemente, alikufa katika ajali ya ndege akiwapelekea misaada watu wa Nicaragua waliokumbwa na tetemeko la ardhi. Wako waliodhani kwamba msiba ule ndio uliomvunja. Hakuna aliyeweza kulithibitisha hilo. Blass alijaribu kila alichoshauriwa. Alibadilisha namna ya kusimama, alitazama filamu zake za zamani, alisikiliza ushauri wa wataalamu na wa wapita njia. Kadiri alivyozidi kuuchunguza mkono wake, ndivyo mkono ulivyozidi kuwa mgeni kwake. Mwaka 1974 alirusha mchezo mmoja tu katika ligi kuu, akateremshwa kwenye timu ndogo. Mwaka 1975, akiwa na miaka 32, aliacha.

Na wenzake walimpa zawadi gani? Waliuita ugonjwa huo kwa jina lake. Tangu wakati huo, mchezaji yeyote anayeshindwa ghafla kurusha mpira aliokuwa akiurusha tangu utotoni huambiwa ameshikwa na "ugonjwa wa Steve Blass". Katika vyumba vya kubadilishia nguo jina hilo lilitajwa kwa sauti ya chini, kama vile zamani sisi tulivyoogopa kutaja jina la simba usiku. Watu walimwepuka mgonjwa wakidhani ataambukiza. Si kwa ubaya, ni kwa hofu. Kila mmoja alijua kwamba lililompata Blass lingeweza kumpata na yeye kesho asubuhi.

Mwaka 1983 lilimpata Steve Sax wa Los Angeles Dodgers, kijana aliyekuwa ametoka kutunukiwa zawadi ya mchezaji mpya bora. Yeye hakuwa mrushaji. Alikuwa mlinzi wa kituo cha pili, na kazi iliyomshinda ilikuwa kumtupia mwenzake mpira wa karibu tu, jambo ambalo mtoto wa shule analiweza. Msimu ule alifanya makosa 30. Sax alipona kabla msimu haujakwisha, akaendelea kucheza miaka mingi. Lakini watu walianza kuuliza: kama anaweza kupona, basi huu ni ugonjwa, na kama ni ugonjwa, kwa nini tunauonea haya?

Ndipo akaingia mtu ambaye kwa sura hakufanana kabisa na mambo haya. Harvey Dorfman alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari katika jimbo la Vermont. Aliandikia gazeti la huko habari za vijana wa timu ndogo za besiboli, akawa anawauliza maswali ambayo waandishi wengine hawakuyauliza. Walipoteza mchezo, walijisikiaje? Walikuwa wakifikiria nini kabla ya kurusha? Kwa njia hiyo alifahamiana na Karl Kuehl, mtu wa besiboli, na mwaka 1984 timu ya Oakland ikamwajiri. Mwaka 1989 wawili hao walitoa kitabu juu ya upande wa akili katika besiboli, kitabu ambacho mpaka leo wachezaji hupeana mkono kwa mkono. Mwaka huohuo Oakland ilichukua ubingwa.

Dorfman alifaulu palipomshinda Griffith, na sababu yake ni ya kuitafakari. Elimu yake haikuwa kubwa kuliko ya profesa. Lakini Griffith alikaa pembeni na daftari, akimwandikia tajiri. Dorfman alivaa sare ya timu, akakaa benchi moja na wachezaji, akanusa jasho lao. Tena hakuwabembeleza. Alikuwa mkali, mwenye maneno makavu. Alimtaka mchezaji aseme kinachomtokea bila kujitetea, halafu amwambie atafanya nini na mpira unaofuata. Si uliopita, wala wa mwisho wa mchezo. Huo unaofuata tu.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulifika Oktoba 3, 2000, mjini St. Louis. Kijana wa miaka 21, Rick Ankiel, alipewa heshima ya kuanza mchezo wa kwanza wa mtoano dhidi ya Atlanta Braves. Timu yake ilikuwa mbele 6 kwa bila. Katika zamu ya tatu mpira mmoja ulimponyoka ukampita mdakaji. Kosa dogo, la kila siku. Lakini likafuatwa na la pili, la tatu, la nne, la tano. Mipira mitano ya namna hiyo katika zamu moja ilikuwa haijaonekana katika ligi kuu tangu mwaka 1890. Mamilioni walikuwa wakitazama kwenye televisheni. Meneja wake, Tony La Russa, alikwenda kumtoa. La Russa alikuwa ndiye meneja wa Oakland katika ubingwa ule wa 1989, akayajua mambo ya Dorfman kwa karibu, lakini siku ile hakuwa na la kufanya.

Ankiel alihangaika miaka minne na zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 2017 alieleza utoto wake mgumu nyumbani, na akakiri kwamba mwaka 2001 aliwahi kunywa vodka kabla ya mchezo ili kuizima hofu. Dorfman alikuwa mwalimu wake na, kwa maneno mengine, mzazi wake wa pili. Ningependa kukuambia kwamba mkono ulirudi na yote yakawa sawa. Haikuwa hivyo. Machi 2005 Ankiel alitamka kwamba harushi tena.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ankiel alishika gongo akaanza upya kutoka chini, pamoja na vijana wadogo, kama mpigaji na mlinzi wa nyuma ya uwanja. Agosti 9, 2007 alirudi ligi kuu, mji uleule wa nyumbani, meneja yuleyule, na siku hiyohiyo akaupiga mpira ukatoka nje ya uwanja. La Russa, mtu asiyejua kucheka mbele ya kamera, alishindwa kujizuia kwa furaha.

Lakini siku ninayoipenda mimi ni nyingine. Mei 6, 2008, mjini Denver, Ankiel akiwa huko nyuma kabisa ya uwanja aliokota mpira akaurusha hadi kituo cha tatu bila kugusa chini, ukaanguka mikononi mwa mwenzake, mkimbiaji akatolewa. Na siku hiyo alifanya hivyo mara mbili. Mkono huo ndio uliokuwa umeshindwa kufikisha mpira mita 18 na nusu. Mkono ulikuwa mzima siku zote, ila kule nyuma mpira unapokujia hakuna nafasi ya kufikiri.

Mambo yamebadilika. Zack Greinke, mrushaji wa Kansas City, aliondoka kambini mwaka 2006 kwa sababu ya wasiwasi mkubwa na sonona. Timu yake haikumfukuza. Alitibiwa, akarudi, na mwaka 2009 akatunukiwa zawadi ya mrushaji bora wa ligi yake. Mwaka huohuo wachezaji kadhaa waliingizwa hadharani katika orodha ya majeruhi kwa maradhi ya wasiwasi na msongo wa mawazo, sawa na mwenzao aliyeteguka goti. Na tangu mwaka 2023 ligi kuu imeweka saa uwanjani, mrushaji anahesabiwa sekunde kabla ya kila mpira. Waliiweka ili kufupisha mchezo, lakini nadhani wako warushaji ambao imewapunguzia pia muda wa kujitesa.

Ndugu msikilizaji, mficha maradhi kilio humuumbua. Blass na Ankiel hawakuyaficha maradhi yao, maana yalionekana na uwanja mzima. Walioficha ni waliowazunguka, kwa kunyamaza na kwa kukwepa kulitaja jina. Sisi hatuchezi besiboli. Lakini tunao mwanafunzi anayejua hesabu zote nyumbani, na kwenye chumba cha mtihani kalamu inamgomea. Tunaye kijana aliyekosa penalti ya timu ya mtaa, na miaka mitatu baadaye bado anaitwa kwa kosa lile. Tunaye fundi hodari ambaye tangu alipopata ajali hawezi tena kupanda ngazi, naye anawaambia watu kwamba goti linamsumbua, kwa sababu anajua goti litaheshimiwa.

Mtu wa namna hiyo akija kwako, usimwambie akaze roho. Ameshaikaza mpaka imekatika. Fanya alivyofanya yule mwalimu wa Vermont. Kaa naye benchi moja, mwache aseme lililomtokea, halafu muulize juu ya mpira unaofuata. Steve Blass alirudi uwanjani, safari hii na kipaza sauti. Kuanzia miaka ya 1980 hadi alipostaafu mwaka 2019 alikuwa mtangazaji wa michezo ya timu yake ya Pittsburgh, mcheshi, mpendwa wa watu, akizungumza waziwazi juu ya mwaka ule wa 1973. Ugonjwa unalo jina lake mpaka leo, na yeye mwenyewe hakuogopa kulitaja.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.